Crown ya Dar si Crown ya Mbeya

Ubishi wa Toyota Crown ipi ni bora huamuliwa Dar es Salaam. Bandari iko kule, yadi ziko kule, na wanaoweka video za magari mtandaoni wengi wako kule. Wakisema Athlete, ile Crown ya kimichezo, yenye injini ya V6 (silinda sita, tatu kila upande) ndiyo mwisho wa mambo, kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, naye anaanza kudunduliza hela akiwa na jina hilohilo kichwani. Mimi naona watu wa Nyanda za Juu Kusini tunastahili jibu letu wenyewe. Gari likishavuka Mikumi, likapanda Kitonga, likapita Ipogolo, Mafinga na Makambako, likashuka Igawa na Chimala, halafu likaanza tena kupanda kwenda Uyole, linakuwa limetoka usawa wa bahari na kufika kwenye mita 1,700 hivi. Huku juu, ile orodha ya Dar inapanguka.

Nasema hivi kwa sababu barabara hiyo ndiyo ofisi yangu. Kazi yangu ni kutoa magari bandarini na kuyafikisha kwa wenyewe: mengine Iringa, mengi Mbeya, mengine nayasogeza hadi Tunduma yakiwa na karatasi za IT, yaani za magari yanayopita tu nchini, yavuke kwenda Zambia na Kongo. Kwa kazi hiyo nimekaa nyuma ya usukani wa Crown za kila rika, barabara ileile, milima ileile, nyuma ya malori yaleyale.

Wazungu wana magari yao ya masafa. Bentley Continental GT ni mojawapo: gari kubwa la kifahari lililotengenezwa ili mtu akate nchi kwa siku moja, kwa mwendo mkubwa, na ashuke bila mgongo kuuma. Hayo kwetu hupishani nayo. Kazi hiyo huku inafanywa na Crown. Injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, siti ni nene na ndani ni kimya. Ina milango minne, kwa sababu huku mtu hasafiri peke yake.

Tuanze na hewa, maana ndiyo inayoamua. Injini inachoma petroli kwa hewa iliyoivuta. Kwenye mwinuko wa Mbeya hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na pwani, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, iwe mpya au imechoka. Hakuna plagi wala oili ya bei itakayoirudisha. Kuna faida moja: hewa hiyo nyepesi hailipingi sana bodi ya gari. Ndiyo maana ukiwa kwenye tambarare za Mafinga na Makambako huoni upungufu wowote, gari linateleza tu. Upungufu unauona mlimani, kwa sababu pale hushindani na upepo, unashindana na uzito wa gari lenyewe, abiria, na magunia ya mchele mliyopakia Igurusi.

Crown na milima wana historia ndefu. Ya kwanza ilitoka Januari 1955, na mwaka 1956 waandishi wa gazeti la Asahi waliiendesha kutoka London hadi Tokyo, safari ya kilomita 50,000 hivi. Ilifika. Toyota wakapata moyo, wakaipeleka Marekani, ikaanza kuuzwa huko 1958. Huko ikakutana na barabara kuu za mwendo kasi na vilima virefu, injini ndogo ikazidiwa, ikachemka, na kufikia mwisho wa 1960 mauzo yakasimamishwa. Tangu hapo Crown ilikaa miaka mingi ikitengenezwa zaidi kwa ajili ya Mjapani na barabara zake. Sisi tunaipokea ikiwa imetumika, baada ya Mjapani kumaliza hamu nayo. Kwa hiyo kila kizazi kinachofika hapa kinafanya mtihani ambao hakikuandaliwa.

Za zamani sana sizigusi. Naanza na S170, kizazi cha 1999, kwa sababu ndiyo ya zamani ninayoipokea ikiwa bado ina heshima yake. Hii ni Crown ya injini za sita kwa mstari: 1G ya lita 2.0, 1JZ ya lita 2.5, na 2JZ ya lita 3.0. Siti zake za kitambaa cha manyoya bado hazijapata mpinzani kwa ulaini, na ule mngurumo wa silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja ni laini mpaka kwenye taa za Uyole unaweza kudhani injini imezima. Ila ile ya 2.0 iliyosajiliwa kwa nguvu za farasi 160, huku juu unabaki na 135 hivi, na gia zake ni 4. Kupanda Inyala na abiria wanne ni kazi ya kuikamua injini. Halafu kuna mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake. 1G na 1JZ zote zinatumia mkanda, si cheni, na unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukinunua S170 na hujui mkanda ulibadilishwa lini, badilisha kabla hujaondoka, hata kama dalali anakuapia.

Kizazi hicho kilikuwa na Athlete V ya 1JZ yenye turbo, farasi 280. Ni adimu na inakunywa, lakini ishike kichwani. Tutarudi kwenye turbo.

Desemba 2003 Toyota wakafuta ubao. S180 waliiita Zero Crown kwenye matangazo yao, na jina lilistahili. Jukwaa la chini jipya, shokapu na mikono ya magurudumu mipya, injini mpya za V6 zenye cheni badala ya mkanda. Jukwaa hilohilo ndilo lililokuja kubeba Mark X ya kwanza mwaka uliofuata. Ukiendesha S170 leo na Zero Crown kesho, kwenye kona za Kitonga utadhani kati yao kuna miaka ishirini. S170 inainama na kusubiri uirudishe. S180 inaingia kwenye kona, inakaa, inatoka.

Hapa ndipo hesabu ya mwinuko inapokuwa tamu. Royal Saloon, ile Crown ya starehe, ya 2.5, yaani GRS180, ina farasi 215. Ya 3.0, GRS182, ina 256. Mtu wa Dar anakuambia usijisumbue na 3.0, itakumaliza kwa mafuta, 2.5 inatosha. Kwake ni kweli. Sasa ipunguzie ya 3.0 ile asilimia 15 ya Mbeya: unabaki na farasi 218 hivi. Yaani Crown ya 3.0 ikiwa Mbeya ndiyo Crown ya 2.5 ikiwa Dar. Anayesifia 2.5 pale Ubungo anasifia kitu ambacho huku juu utakipata kwa kununua 3.0 tu. Na ile 3.0 ilitoka na giaboksi ya gia 6 tangu mwanzo, wakati 2.5 za mwanzo zilikuwa na gia 5.

Gia hizo faida yake kubwa ni mteremkoni kuliko mlimani. Ukishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni na umelala kwenye breki tangu juu, ukifika katikati utasikia harufu, na malori yaliyoungua pembeni yatakukumbusha kwa nini. Kwenye Zero Crown unasogeza kijiti pembeni, unashusha hadi gia ya 3, injini inalishika gari, na breki unazigusa tu pale lori lililo mbele linapokaza. Breki zikifika chini zikiwa za vuguvugu, umeendesha vizuri.

Nilipewa kazi moja ya kumchukua bibi mmoja Iringa, mkwe wa mteja wangu, nimfikishe Tukuyu. Alikuwa ametoka hospitali, nyonga inamsumbua, na wanawe walikuwa na wasiwasi na safari ndefu. Gari lilikuwa Royal ya 3.0, rimu za inchi 16, tairi zenye mwili mnene. Nikamlaza nyuma upande wa kushoto, tukavuka ukungu wa Sao Hill taratibu, tukapita rasta zote za Makambako, zile zinazotikisa meno. Alilala. Alipofumbua macho tulikuwa tumeshapinda Uyole na tumeikuta mvua ya Isongole.

"Mwanangu, Makambako bado?"

"Bibi, tumeshafika Rungwe."

Akachungulia nje, akaona migomba. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akajifunika kitenge tena.

Huo ndio mtihani wa gari la masafa, na kwa abiria wa nyuma sijaona Crown nyingine iliyofaulu kuizidi Royal ya Zero Crown. Athlete ya kizazi hicho nyingi zilitoka na rimu za inchi 18 na shokapu ngumu zaidi. Anayeendesha anafurahi, aliyekaa nyuma anahesabu matuta. Athlete ya 3.5 iliyoanza Oktoba 2005, farasi 315, ni mnyama, na hata huku juu inabaki na 268. Lakini barabara yetu ina vijiji, kila kijiji kina kibao cha 50, na kila kibao kina trafiki na tochi yake. Farasi hao utawatumia dakika chache tu za kuovateki malori kwa siku nzima.

Kasoro ya injini ya 2.5 ya V6 inafahamika na mafundi dunia nzima, kuanzia wa Lexus IS250 inayotumia injini hiyohiyo. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti nyuma ya valvu za kuingiza hewa kuziosha. Mvuke wa oili unaokuja na hewa unaganda pale kwa joto, safari baada ya safari. Fundi akifungua manifoldi na kumulika kwa tochi ya simu, badala ya chuma kinachong'aa unaona ukoko mweusi mgumu umeikaba shingo ya valvu, kama masizi ya sufuria la kuni. Gari linaanza kutetemeka likiwa linanguruma tu bila kukanyagwa, na hapo wengi wanakimbilia kubadilisha plagi na koili. Ile 3.5 iliondokana na tatizo hili kwa kuwekewa nozeli za kupulizia petroli za aina mbili kwa kila silinda, moja ndani na nyingine kwenye njia ya hewa, hivyo valvu zinaoshwa. Gari la safari ndefu linachelewa kuziba kuliko la foleni za Mafiati, maana injini inayofanya kazi kwa joto lake kamili haijikusanyii uchafu haraka. Mwenye 2.5 akae na hilo akilini.

S200 ya Februari 2008 nitaipita haraka. Ni Zero Crown iliyosafishwa: kimya zaidi, dashibodi nzuri zaidi, gia 6 zimeenea, injini karibu zilezile. Ukipata nzuri nunua, hutajuta. Hainipi jambo jipya la kusema kuhusu mlima.

S210 ndiyo iliyoleta mgawanyiko. Ilitoka Desemba 2012, na Athlete yake yenye ule mdomo uliokatwa kama radi ndiyo iliyojaza barabara zetu na ndoto za vijana wetu. Watu wanaizungumzia sura. Mimi nazungumzia kilicho chini ya boneti, kwa sababu sura ileile imebeba injini tofauti kabisa, na mteja anayesema "nitafutie Athlete nyeupe" bila kutaja injini hajaniambia kitu.

V6 ya 2.5 ilibaki, lakini ikashushwa hadi farasi 203. Mbeya hizo ni kama 172. Sura kali, mlima inaupanda kwa kuguna.

Kuna haibridi, AWS210. Hii Dar ni dhahabu, nakubali kwa moyo wote. Kwenye foleni ya Ubungo injini inazima, gari linatambaa kwa umeme, mshale wa mafuta haushuki. Injini yake ni ya silinda 4, lita 2.5, farasi 178, na ikisaidiwa na mota ya umeme jumla inakuwa 220. Shida ni urefu wa milima yetu. Kupanda kilima cha mtaani mota inasaidia vizuri. Kupanda kutoka Igurusi kwenda Inyala na gari limejaa, betri inatoa ilichonacho, inapungua, na katikati ya mlima unabaki unaitegemea zaidi injini, ambayo kwa hewa ya huku ina farasi 150 hivi. Kitonga kushuka ni kinyume chake: mota inageuka kuwa jenereta, inajaza betri na kulishika gari kwa ustaarabu mkubwa, lakini betri ikijaa kabla hujafika chini ule msaada unakwisha, na usipokuwa makini mguu unahamia kwenye breki moja kwa moja. Jambo lingine ni vumbi. Betri inapozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, karibu na siti ya nyuma. Mtu wa barabara za vumbi anayefungua vioo, au anayeegesha magunia ya viazi mbele ya tundu hilo, anaipika betri yake mwenyewe. Safisha chujio lake. Mafundi wetu wengi hawaligusi mpaka taa iwake.

Halafu mwaka 2015 ikaja ile ambayo Dar hawaizungumzii inavyostahili: Athlete ya lita 2.0 yenye turbo, ARS210. Wanaisikia 2.0 wanageuza uso. Wanakumbuka ile 1G ya S170.

Turbo haivuti hewa kwa kuomba. Inaisukuma ndani. Hewa ikiwa nyepesi, turbo inazunguka zaidi na kufidia sehemu kubwa ya pengo. Kwa hiyo ile asilimia 15 inayomnyang'anya kila V6 haimpati huyu kwa ukali uleule. Kwenye karatasi ina farasi 235 na torki, ile nguvu ya kuvuta, ya Nm 350, nayo inaipata kuanzia mizunguko 1,650 tu kwa dakika. Athlete ya 3.5 ya Zero Crown ina torki ya 377 ikiwa pwani, na inabidi uikanyage hadi mizunguko 4,800 kuipata. Ipandishe Mbeya, inabaki na 320 hivi. Ukiwa Inyala umekwama nyuma ya lori la shaba, nafasi ikafunguka mita chache, injini ya lita 2.0 inakuvuta kwa nguvu kuliko ya lita 3.5, na bila kupiga kelele. Giaboksi yake ni ya gia 8. Nozeli zake ni za aina mbili, kwa hiyo ule ukoko wa valvu hautakusumbua vile. Na kwa kuwa haizidi cc 2000, ushuru wa bidhaa unaotozwa pale TRA ni mdogo kuliko wa injini kubwa.

Masharti yake ni oili. Turbo inazunguka kwa kasi ya kutisha na inapozwa na kulainishwa na oili hiyohiyo ya injini, kwa hiyo oili iliyochoka inaiua kabla ya kitu kingine chochote. Tumia inayoandikwa kwenye kitabu cha gari, badilisha mapema, na ukimaliza kupanda mlima mrefu usizime injini palepale. Iache ingurume kidogo ukiwa unashusha mizigo.

S220 ya Juni 2018 ilichukua injini hiyo ya turbo, ikaipandisha hadi farasi 245, na kuiweka kwenye jukwaa jipya ambalo Toyota walilifanyia majaribio Nürburgring, Ujerumani. Royal na Athlete zikaunganishwa kuwa gari moja. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na nyuma ukaongezeka kutoka milimita 2,850 hadi 2,920, na hilo unalisikia kwenye mawimbi ya lami iliyobonyezwa na malori kati ya Igawa na Chimala: gari halidundi mara mbili. Nimeendesha chache, na kila moja niliikabidhi kwa mwenyewe kwa uchungu. Kama hela ipo, kwa mtu wa Mbeya, hii ya 2.0 turbo ndiyo namba moja. Inayofuata ni ARS210. Ya tatu ni Royal ya Zero Crown ya 3.0, na kwa mwenye wazee wa kubeba naipandisha iwe ya pili. Athlete ya V6 2.5 ya S210, inayoongoza orodha ya Dar, kwangu iko chini ya zote hizo.

Ile mpya iliyozinduliwa Julai 2022 imeachana na mengi. Crossover yake imenyanyuka hadi milimita 1,540 kwenda juu, upana 1,840, na magurudumu yote manne yanasukuma. Kwa barabara ya Tukuyu wakati wa mvua hilo ni jambo jema. Toleo lake la RS lina turbo ya lita 2.4 pamoja na mota za umeme, na kwa hesabu za hewa ya huku ningependa sana kuliona likipanda Inyala. Bei yake bado haijashuka hadi kwa wateja wangu.

Wewe uliyepata Crown yadi na inakuvutia, kabla hujalipa mwombe dalali mwende barabara ya Chunya. Inaanza kupanda punde tu ukitoka mjini na haipumziki. Jazeni watu wanne, washa AC, na usiikanyage hadi mwisho. Angalia giaboksi kama inahangaika kubadili gia huku na huko kwenye mwendo uleule. Angalia mshale wa joto. Juu kule simameni, acha injini ingurume, weka mkono kwenye usukani usikie kama inatetemeka. Mkigeuza kushuka, shusha gia, uone kama injini inalishika gari. Dalali akikataa kupanda, tafuta gari lingine.